Uyoga wa mwituni: Kitoweo kitamu kinachohitaji jicho la mwenyeji

MVUA ya masika inapoloweka ardhi kati ya Machi na Mei, wakazi wengi wa Magharibi mwa Kenya huanza kuchungulia vichuguu vilivyo karibu na mashamba yao. Alfajiri, kabla jua halijapanda, akina mama na watoto hutoka na vikapu kutafuta kitoweo ambacho hakikupandwa na mtu wala hakikutiwa mbolea. Waluhya hukiita obwoba na Wakikuyu makunu. Kwa Kiswahili ni uyoga.

Ni chakula cha heshima. Nyumba iliyobahatika kuupata haina haja ya kununua nyama siku hiyo, na unaobaki huanikwa ukauke ili mgeni akija miezi kadhaa baadaye, asikose cha kutolewa. Hata hivyo, msimu wa uyoga mtamu ndio huo huo wa uyoga wenye sumu, na chungu kimoja kinaweza kuangusha familia nzima kwa kuwa wote hula pamoja.

Swali ambalo watu huuliza mara kwa mara ni moja: ipi dalili ya kutofautisha uyoga mzuri na mbaya? Jibu la wataalamu wa kuvu halifurahishi. Dalili hiyo haipo. Hakuna rangi, harufu, ladha wala jaribio la jikoni linalotenga aina zote zenye sumu na zile zinazoliwa. Anayekula salama ni yule anayeijua aina anayoichuma kwa jina lake, kwa umbo lake na kwa mahali inapoota, jinsi mtu anavyomjua jirani yake hata akimwona kwa mbali.

Tunda la kuvu

Uyoga si mmea. Ni tunda la kuvu, nao mwili wenyewe wa kuvu umefichika ardhini au ndani ya gogo ukiwa nyuzi nyembamba mithili ya pamba. Kuchuma uyoga ni sawa na kuchuma embe na kuuacha mwembe.

Kwa kuwa kuvu hawezi kujitengenezea chakula kutokana na mwanga wa jua, hana budi kuegemea kitu kingine. Wapo wanaoozesha magogo, wapo wanaoshirikiana na mizizi ya miti fulani, na wapo wanaoishi na mchwa. Mchumaji mzoefu huanza hapo. Kabla ya kuutazama uyoga wenyewe, hutazama umeota juu ya nini na karibu na mti gani.

Wakulima walio chini ya ardhi

Uyoga unaopendwa zaidi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ni ule wa kichuguu, ambao wanasayansi huuita Termitomyces. Maisha yake ni kisa cha kustaajabisha.

Mchwa hubeba majani makavu, nyasi na vipande vya miti hadi ndani ya kichuguu, lakini hawawezi kumeng'enya barabara nyuzi ngumu za mimea hiyo. Kwa hivyo hujenga vyumba na kuweka humo masega yaliyofinyangwa kwa kinyesi chao chenye mabaki ya mimea. Kuvu hukua juu ya masega hayo, akazilainisha nyuzi, kisha mchwa hurudi kula. Wanasayansi wanakadiria kwamba ushirika huu ulianza barani Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita. Mchwa, kwa maneno mengine, walikuwa wakulima zamani sana kabla ya binadamu kushika jembe.

Mvua ikikolea, kuvu huyo hupeleka tunda lake juu. Kwa vile ni lazima lipenye udongo mgumu wa kichuguu, kofia yake huwa na ncha ngumu katikati, iliyochongoka kama chuchu au kichwa cha mkuki. Shina nalo haliishii usawa wa ardhi. Huendelea chini likiwa jembamba kama mzizi hadi kwenye sega lililotoka.

Alama hizo mbili, ncha na mzizi, ndizo wazee huwaonyesha watoto. Anayekata uyoga juu juu kwa kisu huacha ardhini ushahidi muhimu kuliko wote. Anayechimba taratibu kwa kijiti huuona mzizi ukishuka na hujua ameshika nini.

Hata hivyo, jamii hii ina aina nyingi na hazifanani. Iliyo kubwa kupita zote, Termitomyces titanicus, ilielezwa rasmi na wanasayansi mwaka wa 1980 kutokana na uyoga wa Zambia, na kofia yake inaweza kufikia upana wa karibu mita moja. Kwa upande mwingine kuna Termitomyces microcarpus, mdogo kama sarafu, ambao huchomoza kwa mamia pale mchwa wanapotoa nje vipande vya masega yao. Huo hauna mzizi mrefu wa kuchimbuliwa. Anayeshikilia alama ya mzizi peke yake atauacha, na si vibaya akiuacha mpaka aonyeshwe na anayeujua.

Mgeni wa bustanini

Uyoga unaochanganywa sana na ule wa kichuguu huota mahali ambapo watu hawatarajii hatari: kwenye nyasi za bustani, viwanja vya shule, malisho na uani mwa nyumba za mijini. Jina lake la kisayansi ni Chlorophyllum molybdites. Ni mkubwa, mweupe na wa kupendeza, na kofia yake imepambwa kwa magamba ya kahawia. Mara nyingi huota kwa kujipanga duara. Mtu aliyekulia kijijini na sasa anaishi mtaani huuona baada ya mvua na kukumbuka kitoweo cha nyanyake.

Ukiwa mchanga, vibamba vilivyo chini ya kofia yake, vinavyopangana kama kurasa za kitabu, ni vyeupe. Vikikomaa hugeuka kijivu chenye ukijani, na hiyo ndiyo alama yake kuu. Kwenye shina huwa na pete ambayo aghalabu inaweza kusogezwa juu na chini, na hauna mzizi unaoshuka kichuguuni. Tatizo ni kwamba watu hupenda kuchuma uyoga ungali mchanga, kabla ukijani haujaonekana. Isitoshe, hakuna kinachouzuia kuota hatua chache tu kutoka kwenye kichuguu.

Lipo jaribio moja linalosaidia, na linahitaji subira tu. Kofia iliyokomaa hukatwa shina na kulazwa juu ya karatasi, upande wa vibamba ukiangalia chini, kisha hufunikwa kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi, spora zake zitakuwa zimeanguka na kuchora alama kwenye karatasi. Alama ya uyoga wa kichuguu huwa ya rangi ya krimu au waridi hafifu. Ya huyu mgeni wa bustanini huwa ya kijani. Ikumbukwe kwamba jaribio hili hutenganisha uyoga huo na ule wa kichuguu pekee. Alama isiyo ya kijani haimaanishi kuwa uyoga wowote ule unalika, kwani aina hatari kupita zote huacha alama nyeupe.

Aliyeula huanza kuumwa na tumbo kati ya saa moja na saa tatu baadaye, akatapika na kuhara mfululizo. Watu wazima wengi hupona baada ya siku moja au mbili. Mtoto mdogo, ambaye mwili wake hukaukiwa maji upesi, yuko katika hatari kubwa zaidi.

Sumu isiyo na haraka

Anayetapika saa mbili baada ya kula ana nafuu kuliko yule anayeanza kuumwa saa 10 baadaye. Jambo hili watu wengi hawalifahamu, na limegharimu maisha.

Aina kadhaa za uyoga zina sumu iitwayo amatoksini. Inayojulikana zaidi ni Amanita phalloides, yenye asili ya Ulaya, ambayo ilisafiri pamoja na mizizi ya miti iliyopelekwa ng'ambo na leo inapatikana Afrika Kusini, Australia na Marekani. Kofia yake ni ya kijani kibichi kilichofifia au manjano, vibamba vyake ni vyeupe, shina lina pete, na chini kabisa, mara nyingi ndani ya udongo, limekaa ndani ya kifuko kama yai lililopasuka. Sumu hiyo hiyo imo katika uyoga fulani mdogo wa jamii ya Lepiota na ule wa jamii ya Galerina unaoota kwenye magogo.

Amatoksini huizuia seli kutengeneza protini, na kiungo kinachoumia zaidi ni ini. Kwa muda wa saa 6 hadi 12, pengine hata 24, mlaji hahisi chochote. Kisha hushikwa na tumbo, kutapika na kuhara sana. Siku ya pili au ya tatu hali hutulia, mgonjwa akadhani amepona na hata kuruhusiwa kurudi nyumbani. Wakati huo ini linaendelea kuharibika. Kufikia siku ya tatu hadi ya tano macho huwa manjano, damu hukosa kuganda, na wengine hupoteza fahamu.

Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kugandisha. Katika mji wa Leongatha nchini Australia, watu watatu walifariki baada ya kuhudhuria mlo wa mchana mnamo Julai 2023. Uyoga huo ulikuwa ndani ya nyama iliyofunikwa kwa unga na kuokwa kwenye tanuri. Julai 2025 baraza la wazee wa mahakama lilimpata mwandalizi wa mlo huo na hatia ya mauaji.

Msitu mwingine, macho yale yale

Mwisho wa Agosti 2021, baada ya Taliban kutwaa mji wa Kabul, familia moja ya Kiafghani ilihamishiwa Poland. Ikiwa katika kituo cha wakimbizi karibu na jiji kuu la Warsaw, ilichuma uyoga katika msitu wa jirani na kuupika. Mwanzoni mwa Septemba, wavulana wawili wa familia hiyo, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 6, walifariki. Mkubwa wao alikuwa tayari amepandikizwa ini jingine.

Kisa hicho kinamhusu kila anayehama. Ujuzi wa uyoga ni wa mahali. Mtu anayeujua vyema uyoga wa Kakamega hana hakika yoyote akiwa katika msitu wa misonobari iliyopandwa nyanda za juu, kwani misonobari huja na kuvu wake yenyewe kutoka nchi za mbali. Miongoni mwao ni uyoga mwekundu wenye madoadoa meupe, Amanita muscaria, unaomchanganya mlaji akili na kumfanya aweweseke.

Mfano mwingine ni wa Zambia na Malawi. Huko, watu huchuma na kuuza kando ya barabara uyoga mkubwa mweupe uitwao Amanita zambiana, ambao ni wa jamii moja na ule unaoua Ulaya. Wanaula bila wasiwasi kwa kuwa wameufahamu vizazi na vizazi. Mwingereza aliyefunzwa kuogopa kila kilicho cha jamii hiyo angeukimbia. Mzambia aliyefika Uingereza akatenda kama alivyozoea nyumbani angeweza kufa. Hakuna mjinga kati ya hao wawili.

Nchini Uganda uyoga umeingia hata katika ukoo: Waganda wa ukoo wa Butiko wana uyoga kama mwiko wao na hawauli. Kwa majirani zao Tanzania, misitu ya miombo hutoa uyoga wa manjano wa jamii ya Cantharellus kwa wingi. Aina za nchi hiyo zilikusanywa katika kitabu cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi kilichochapishwa mwaka wa 2003, mojawapo ya vitabu vichache vinavyoeleza uyoga wa eneo hili kwa undani.

Majaribio yasiyofaa

Kuna imani nyingi zinazopokezanwa jikoni, nazo ni hatari kwa sababu humpa mtu ujasiri asiostahili kuwa nao.

Wapo wanaotia sarafu au kijiko cha fedha chunguni na kungoja kigeuke cheusi. Wengine hutumia kitunguu au mchele. Amatoksini haibadilishi rangi ya chochote kati ya hivyo. Wapo wanaosema kwamba uyoga ulioliwa na konokono au wadudu ni salama kwa binadamu, ilhali konokono hula uyoga unaomuua mtu na kuendelea na safari yake. Kwamba kofia inayomenyeka ngozi ni nzuri, si kweli. Kwamba uyoga mweupe hauna madhara, si kweli pia. Miongoni mwa ule unaoua upo mweupe pepe. Wanaoamini kwamba unaoota kwenye gogo ni salama wakumbuke ule wa Galerina uliotajwa hapo juu.

Kuhusu ladha, watu walionusurika baada ya kula Amanita phalloides wamesimulia kwamba ulikuwa mtamu.

Imani ya kuchemsha inahitaji maelezo zaidi, maana ina chembe ya ukweli. Zipo aina zinazoliwa ambazo sharti zipikwe hadi ziive kwa sababu mbichi husumbua tumbo, na katika baadhi ya jamii ni desturi kuchemsha aina fulani na kumwaga maji ya kwanza. Desturi hiyo inahusu aina inayojulikana. Haigeuzi aina isiyojulikana kuwa chakula.

Namna ya kuchuma

Anayeanza hufuatana na mwenyeji anayejua, na hufanya hivyo misimu kadhaa, akijifunza aina moja au mbili tu. Picha ya kitabuni au ya simu haitoshi, wala programu za simu zinazodai kutambua uyoga si za kutegemewa, kwa kuwa picha haionyeshi harufu, mzizi, kifuko kilichozikwa udongoni wala rangi ya spora.

Uyoga huchimbuliwa mzima. Aina tofauti hazichanganywi katika kikapu kimoja, na ule wenye shaka hauingii kabisa. Mchanga mno ambao haujafunguka huachwa, kwa kuwa katika umri huo aina nyingi hufanana na yai moja. Mzee ulioanza kulegea au kutoa funza huachwa vilevile. Si ajabu mtu kuugua kutokana na uyoga mzuri uliooza.

Kikapu ni bora kuliko mfuko wa plastiki, ambao hufanya uyoga utoe jasho na kuharibika kabla ya kufika nyumbani. Kadhalika, uyoga hunyonya madini yenye sumu kama vile risasi na kadmiamu kutoka ardhini, kwa hivyo kando ya barabara kuu, kwenye majaa ya taka na katika mashamba yaliyonyunyiziwa dawa si mahali pa kuchuma, hata kama aina yenyewe inajulikana. Na katika misitu ya serikali, mchumaji anapaswa kwanza kuuliza afisi ya msitu kuhusu idhini.

Jikoni

Uyoga wa kichuguu hukwanguliwa udongo, ukaoshwa haraka na kupikwa siku hiyo hiyo. Hauliwi mbichi. Magharibi mwa Kenya, wengi huupika kwa musherekha, yaani maji ya majivu yaliyochujwa, au kuuunga kwa njugu zilizosagwa, ukaliwa kwa ugali. Uliokaushwa juani hurowekwa kwanza, na ladha yake huwa nzito kuliko ya ule mbichi. Karibu asilimia 90 ya uyoga mbichi ni maji, ndiyo maana kikapu kizima kikikauka hubaki kiganja tu.

Hata aina salama inaweza kumkataa mtu fulani. Anayeula kwa mara ya kwanza hula kidogo, aina moja pekee, na kungoja hadi siku ya pili. Ni busara pia kuweka kando uyoga mmoja ambao haujapikwa, ukiwa umefungwa kwa karatasi mahali pa baridi. Mambo yakienda mrama, huo ndio utakaomwambia daktari alichokula mgonjwa.

Mtu akiugua

Anayeshukiwa kula uyoga wenye sumu hupelekwa hospitalini mara moja, hata kama dalili hazijaanza. Wote waliokula chungu hicho huenda pamoja naye, wakiwemo wanaojihisi wazima. Hubebwa uyoga uliobaki, mbichi au uliopikwa, hata maganda yaliyotupwa, kwa karatasi na si plastiki. Kama hakuna kilichobaki, matapishi husaidia.

Mgonjwa halazimishwi kutapika kwa maji ya chumvi au kidole. Maziwa na mafuta si dawa ya sumu hii. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, anaweza kunywa maji yenye chumvi na sukari ya kuongezea maji mwilini, aina ya ORS, akiwa njiani.

Jambo ambalo daktari anahitaji kulijua kuliko yote ni saa: chakula kililiwa lini na dalili ya kwanza ilianza lini. Zikipita saa 6 au zaidi kati ya hizo mbili, ini na figo huhitaji kupimwa na kupimwa tena kwa siku kadhaa. Matibabu huwa ni pamoja na maji ya mishipani, makaa maalumu yanayofyonza sumu tumboni, dawa kama vile silibinini na asetilisisteini pale zinapopatikana, na kwa walioharibika kabisa, kupandikizwa ini. Mgonjwa wa namna hiyo akisema siku ya pili kwamba amepata nafuu na anataka kwenda nyumbani, jamaa zake humbembeleza abaki kitandani hadi vipimo vya ini vithibitishe.